Orodha ya michango: grupu au daftari?

Jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki hapa Tabora mjini husali Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Mwenye zamu hutandika mkeka chini ya mwembe, huweka meza ndogo yenye kitambaa cheupe, mshumaa na sanamu ya Mama Maria. Tunasali, tunasoma Injili ya Dominika, kila mmoja anasema neno lililomgusa, kisha katibu anaandika mahudhurio na mhasibu anafungua daftari.

Tangu tuwe na grupu la WhatsApp, daftari hilo limehamia kwenye simu. Siku moja ilitumwa orodha yenye majina ya kaya zote na safu tatu: zaka, tegemeza (mchango wa kulitegemeza Kanisa), ujenzi wa nyumba ya mapadre. Mbele ya jina la bibi mmoja, mjane, kulikuwa na sifuri tatu. Bibi huyo ana kitochi na hayumo kwenye grupu. Habari zake alizisikia sokoni, kwa mtu wa jumuiya nyingine aliyekuwa na picha ya orodha ile kwenye simu yake. Jumamosi mbili hakuja kusali. Wakati wa mavuno alikuwa ametoa debe la maharage na kuku mmoja, akavibeba mwenyewe hadi altareni, lakini orodha haikuwa na safu ya maharage.

Sasa viongozi wanatuuliza: mambo yote ya jumuiya, yaani taarifa, mahudhurio na michango, yaende kwenye grupu, au turudi kwenye daftari? Nimelifikiria sana swali hili, na sioni kama linajibiwa kwa ndiyo au hapana.

Wanaolitetea grupu wana hoja nzito. Tuna ndugu wanaokaa mashambani majuma mengi, Sikonge na Urambo, na vijana wetu wako Dar es Salaam na Mwanza. Bila grupu tungekuwa tumewapoteza. Msiba ukitokea saa nane usiku, kunapokucha kila mtu anajua nani analeta turubai, nani sufuria, nani anakwenda kumwambia katekista. Muuguzi aliyekesha zamu ya usiku anakuta masomo ya siku na tafakari, anasoma akiwa kwenye bajaji kurudi nyumbani. Mhasibu naye ana haki ya kusema kwamba orodha iliyo wazi inamlinda. Kila anayechanga anaona fedha yake imeandikwa, na minong'ono ya kwamba michango imeliwa imekwisha. Tuliowahi kukaa kwenye jumuiya iliyovunjika kwa ajili ya minong'ono hiyo tunajua thamani ya jambo hili.

Tena, neno lililoandikwa si jambo geni kwa Wakatoliki wa huku. Wamisionari wa Afrika walifika Tabora mwaka 1878, na baadaye Kipalapala, karibu na mji huu, pakawa na mtambo wa kuchapa uliotoa vitabu vya sala na vya shule vilivyosomwa mbali na Unyamwezi. Hata gazeti la Kiongozi la Kanisa Katoliki lilianzia Tabora, mwaka 1950. Kwa hiyo anayesema mtandao ni wa kidunia, uachwe nje ya mlango wa kanisa, anasahau tulikotoka. Vijana wetu wanamtaja Carlo Acutis, kijana aliyekusanya habari za miujiza ya Ekaristi na kuziweka kwenye tovuti, akatangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Wanamtaja kwa haki. Ila huyohuyo alikuwa akienda misa kila siku.

Lakini kitabu cha Kipalapala kilisomwa na mhariri kabla ya kufika kwa msomaji. Kwenye grupu hakuna anayesoma kabla. Ndiyo maana novena ya kweli, sala ya siku tisa, inafuatana na ujumbe wa kutisha kwamba usipowatumia watu kumi na wawili utapata mkosi, nao unaanza vilevile na "Tumsifu Yesu Kristo". Katekista wetu amechoka kueleza kwamba huo ni ushirikina uliovaa rozari.

Wapo watakaosema aibu ya michango haikuletwa na simu. Ni kweli. Majina yalibandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu zamani, na mimi mwenyewe niliwahi kulikuta langu pale, sikulipenda. Lakini karatasi ya ubaoni iliwahusu waliopita pale, na mvua ikinyesha inachanika. Picha ya orodha inakwenda hadi sokoni, inakaa kwenye simu za watu usiowajua. Hata sheria ya nchi imeliona hilo: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaihesabu imani ya dini ya mtu miongoni mwa taarifa nyeti.

Kwa mahudhurio msimamo wangu ni mkali zaidi. Kuna ndugu anayetaka "Amina" yake ya kwenye grupu iandikwe kuwa amehudhuria. Si jambo dogo, kwa sababu mwenyekiti anapoandika barua ya ubatizo au ndoa kwenda parokiani, anashuhudia kwamba mtu huyu anasali nasi. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele, Nairobi, mwaka 1973 na tena 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi, jirani amjue jirani. Hati ya Vatikani ya mwaka 2002 kuhusu Kanisa na intaneti nayo ilisema wazi kwamba kwenye intaneti hakuna sakramenti. Mgonjwa na aliye safarini waandikwe, hilo silipingi. Aliye nyumba ya tatu kutoka kwenye mkeka aje akae mkekani.

Nilichopendekeza ni hiki: grupu libaki na misiba, ratiba ya zamu, masomo na jumla ya fedha za mwezi bila majina. Jina la mtu na deni lake vibaki kwenye daftari, na mwenye kutaka kuona mstari wake aonyeshwe wake tu. Asiyetoa atembelewe na watu wawili, kabla hajaandikiwa sifuri. Mhasibu anasema hiyo ni kazi kubwa kwa mtu mmoja anayejitolea, na hajakosea. Vijana wa Dar es Salaam nao wanauliza watajuaje kama walichotuma kimefika. Wao tumeanza kuwatumia risiti mmoja mmoja.

Jumamosi ya tatu mwenyekiti na mama mmoja wa WAWATA, chama cha wanawake Wakatoliki, walikwenda kwa yule bibi kabla ya sala, wakakaa naye hadi jua likachomoza. Sisi tulianza rozari bila wao. Tulipofika fumbo la nne tuliwaona wakija watatu, bibi katikati, tukasogea kwenye mkeka.