Tumekimbia nje ya sukari

Jumamosi iliyopita mpwa wangu alikuwa mezani kwangu Tabata, anamalizia zoezi la Kiingereza, mimi nikihangaika na jiko la gesi. Yuko kidato cha kwanza. Miaka saba ya shule ya msingi kasoma kila kitu kwa Kiswahili, Kiingereza kikiwa somo moja tu kwenye ratiba. Januari kavuka geti la sekondari, akakuta baiolojia, jiografia na hisabati zote zimehama lugha. Zoezi lilikuwa la kutafsiri sentensi kumi. Nikamwomba daftari nipitie. Sentensi ya nne: "We have run out of sugar." Chini yake, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, kaandika: Tumekimbia nje ya sukari.

Nilicheka mpaka nikaegemea friji. Yeye hakucheka.

"Sasa mjomba, si run ni kukimbia?"

"Ndiyo."

"Na out si nje?"

"Ndiyo."

"Sasa kosa liko wapi?"

Nikabaki na mwiko mkononi. Kila neno kalipatia, na sentensi nzima kaikosa. Nikavuta kiti, maana kosa lile nalijua vizuri. Mimi mwenyewe liliwahi kunigharimu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kwenye ofisi moja kule Posta, ghorofa ya tano, bosi mgeni. Siku moja kaniita, kanipa hati ya malipo, akasema: "Run this by the accountant before noon." Mimi nikasikia run, nikasikia mhasibu, nikasikia kabla ya saa sita. Nikaona mzee ana haraka, anataka karatasi ikimbizwe kwa mhasibu. Lifti ilikuwa mbovu, nikashuka ngazi mbili mbili, nikaiweka hati mezani kwa mhasibu, nikarudi jasho likinitoka, najisifu moyoni kwa uchapakazi. Kumbe bosi alitaka nimwonyeshe mhasibu, aipitie, atoe maoni yake, kisha nirudi nayo. Mhasibu kwa upande wake akajua imeshapita juu, akalipa. Kwenye ile hati kulikuwa na sifuri moja ya ziada. Barua ya onyo niliyopewa ninayo mpaka leo, na hakuna mahali popote ilipotaja neno run.

Ndiyo maana neno hili silichukulii poa. Watunga kamusi ya Oxford, ile kubwa iliyoanza kutoka vipande vipande mwaka 1884 na kukamilika 1928, kwa miaka mingi walijua kwamba neno linalokula kurasa nyingi kuliko yote ni set. Walipokuja kuipitia upya kamusi yao, run likalipita. Mhariri wao mmoja, Peter Gilliver, alikaa na neno hilo miezi tisa. Mimba nzima, kwa neno la herufi tatu! Alipolimaliza lilikuwa na maana 645, na hapo ni likiwa kitenzi tu. Likiwa nomino lina hesabu yake nyingine.

Mtu akisikia 645 anaweza kukata tamaa. Mimi ilinisaidia kujua kitu kimoja ambacho darasani hakuna aliyeniambia: neno hili tangu lilipozaliwa halikuwa la miguu peke yake. Lina ndugu yake katika Kijerumani, rinnen, ambaye mpaka leo kazi yake ni kutiririka. Katika ukoo huo wa lugha, kukimbia na kutiririka vilikuwa kapu moja. Kwa hiyo Mwingereza anaposema pua ya mtoto wake "is running", hatanii wala hapambi maneno. Pua inatiririka, basi. Mto hivyo hivyo. Bomba hivyo hivyo. Halafu zikaja mashine za mvuke, viwanda na treni, vyote vikihitaji kitenzi, na kilichokuwa karibu ni hiki. Ikaja kompyuta, nayo ikakuta mlango uko wazi. Chochote chenye mwendo usiokatika, Mwingereza anakitupia run.

Sasa jaribu kutembea na neno hilo ndani ya siku moja ya Dar, uone sisi tunavyofanya.

Asubuhi unamuuliza jirani dirishani, "Maji yanatoka?" Hatuulizi kama yanakimbia wala kama yanatiririka. Kwa mkazi wa Dar jambo la maana kuhusu maji ya bomba ni moja: yapo au hayapo. Ukichukua bajaji ukataka kuteremka mara moja kununua vocha, unamwambia dereva, "Usizime." Mwingereza hapo anasema acha injini iendelee ku-run, sisi tunalipata jambo lile lile kwa kukataza kinyume chake, na tumeokoa maneno. Daladala ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Makumbusho "inafanya" ruti hiyo. Duka linaendeshwa, kama gari. Mtoto mwenye joto "anachemka", hasa akiwa kwa bibi yake. Vyote hivyo kwa Mwingereza ni run.

Nenda Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, ushike kitenge. Kabla hujafungua mdomo muuzaji keshasema, "Hiki hakichuji, dada." Kuchuja! Rangi ikitoka kwenye nguo ikaingia kwenye maji, Mwingereza anasema colours run, rangi zimekimbia. Sisi tumelichukua neno la jikoni, la chujio na tui la nazi, tukalipeleka kwenye beseni la kufulia. Halafu kutoka kwenye beseni likapanda jukwaani: msanii ambaye nyimbo zake hazishiki tena tunasema kachuja. Hapo ndipo ninapoipenda lugha yangu mpaka naongea peke yangu kwenye mwendokasi.

Na uchaguzi je? Mmarekani anayetaka urais "runs". Mwingereza, tena kwa lugha hiyo hiyo moja, "stands", anasimama. Mmoja anakimbia, mwenzake amesimama, na wote wanakitafuta kiti. Sisi tunagombea, neno lenye undugu wa damu na kugombana, na anayeijua misimu ya kura za maoni hatashangaa. Huyo wanayemwita "running mate" tumemfanya mgombea mwenza, na nadhani tumepatia kuliko wao, kwa sababu "mwenza" linabeba uzito wa nyumba ndani yake. Mke na mume ni wenza. Kukimbia pamoja hakukufungi na mtu kiasi hicho.

Hapa baadhi ya wasomaji wangu watapiga makofi: umeona, Kiswahili kina neno kwa kila jambo, Kiingereza maskini kinarudia lile lile! Taratibu. Umepiga makofi, siyo?

Niliwahi kumfundisha Kiswahili mgeni mmoja kutoka Korea. Wiki ya tatu alikuja na daftari amekasirika kabisa. Akaniuliza, kwa nini Watanzania wanapiga kila kitu? Simu mnaipiga. Nguo mnazipiga pasi. Sakafu mnaipiga deki, meno mnayapiga mswaki. Mtu anapiga chafya, anapiga miayo, anapiga magoti, anapiga kura. Picha imewakosea nini? Nikamwambia bado hujafika stendi ukamkuta mpiga debe, ambaye siku hizi debe lenyewe hana, ana sauti tu. Na bado hujasoma magazeti ukakutana na "upigaji", ambao hauna fimbo wala ngumi, una risiti za uongo na fedha za umma. Akafunga daftari.

Piga ndiyo run yetu. Mtu akilijua kwa maana ya fimbo tu, amelijua kwa ncha ya ukucha. Ndani ya "piga pasi" kitenzi karibu hakina maana yake tena. Kimebaki mpini, na makali yako kwenye nomino inayofuata. Ukitaka kujua kinachofanyika, usitazame piga, tazama pasi. Kwa Kiingereza makali yako kwenye vile vijineno vifupi vinavyokuja nyuma: run out, run into, run over, run down. Kuishiwa, kukutana na mtu bila kutarajia, kugonga mtu na gari, kumponda mtu maneno. Vitu vinne ambavyo havijuani, na tofauti yake yote imebebwa na out, into, over na down. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba out ni nje, nukta, amefungwa miguu na mikono.

Kiswahili nacho kina mkia, ila sisi tunaufunga kwenye kitenzi chenyewe. Kimbia, kimbilia, kimbiza, kimbizana. Aliyeikimbia vita tukamwita mkimbizi, na mahali anapokimbilia tukapaita kimbilio, neno ambalo Zaburi ya 46 ya Kiswahili imempa Mungu mwenyewe. Tena tazama Mwenge wa Uhuru. Uliwashwa juu ya Kilimanjaro Desemba 1961, na mpaka leo tunasema unakimbizwa, wanaoupeleka ni wakimbiza mwenge, safari yote ni mbio. Kila aliyewahi kupangwa barabarani kuupokea akiwa mwanafunzi anajua kwamba sehemu kubwa ya mbio hizo Mwenge umepanda gari. Hakuna anayelalamika kwamba neno limekosewa. Kama Mwenge ndani ya Land Cruiser unakimbia, basi na duka la Mwingereza liachwe likimbie.

Hasira zangu ziko kwenye lile daftari la maneno. Mnalijua: mstari katikati ya ukurasa, kushoto Kiingereza, kulia Kiswahili, neno moja kwa neno moja, kama watu wanaofungishwa ndoa. Run, kukimbia. Get, kupata. Take, kuchukua. Mtoto anakariri, mtihani unauliza, anapata alama, na anaingia kidato cha kwanza akiamini run ameshamalizana nalo. Baada ya hapo muda wake wote unakwenda kwenye maneno marefu, kwa sababu mjini kwetu anayetema ung'eng'e mrefu ndiye msomi. Nimeona barua za kuomba kazi zenye maneno ambayo hata mwajiri ilibidi ayatafute, na mwombaji huyo huyo ukimwambia "run me through it", yaani nieleze hatua kwa hatua, anakutazama kama umemtukana. Tatizo la kijana wa Kiingereza hicho si uhaba wa maneno. Anajua mengi mno, na yale madogo yanayofanya kazi kila dakika hayajui.

Ningekuwa mimi ndiye mwalimu, ningewapa run muhula mzima. Simaanishi maana 645, hata Mwingereza hazijui zote. Thelathini zinatosha, kila moja ndani ya sentensi yake, na watoto waambiwe watafute: kwetu hapa tunasemaje? Siyo neno gani. Tunasemaje. Mtu afikirie bomba, kitenge, bajaji. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ya pale Chuo Kikuu, iliyotoka 1996, iwe darasani, isomwe kama gazeti na si kufunguliwa dakika moja na kufungwa. Ukisoma kitenzi kimoja humo mpaka mwisho unajifunza Kiingereza na Kiswahili kwa mkupuo, na mara nyingi ni Kiswahili kinachokushangaza zaidi.

Rafiki yangu mwalimu akanijibu kwamba ana wanafunzi zaidi ya sitini kwenye chumba kimoja na mtaala wa kumaliza, mambo yangu ni ya watu wenye muda. Sina ubishi naye. Lakini sentensi kumi za kutafsiri anazitoa tayari. Kumi hizo hizo zingeweza zote kuwa za run.

Tukarudi kwenye daftari. Nikamuuliza mpwa wangu, mama yako akifungua kopo akakuta halina sukari, huwa anasemaje?

"Anasema nani kamaliza sukari."

"Na kama hataki kumlaumu mtu?"

Akafikiri. "Sukari imeisha. Au... tumeishiwa sukari."

"Andika."

Akaandika, kisha akaitazama sentensi yake muda mrefu. Akaniambia hilo neno ni la ajabu, kwa sababu kinachoisha ni sukari, lakini ukisema tumeishiwa, wanaopatwa na jambo ni sisi. Nilikuwa sijawahi kuliona hivyo, na nimelitumia maisha yangu yote, hasa tarehe za ishirini na kitu. Nikampa elfu nne aende dukani kwa Mangi, kwa sababu kuzungumza sukari kote huku kulinikumbusha kwamba na kopo langu lilikuwa tupu na chai imeshachemka.

Akarudi baada ya dakika kumi, mikono mitupu, elfu nne ameishika hivyo hivyo, na tabasamu ambalo nilijua linaficha kitu.

"Mjomba," akasema, "hata Mangi amekimbia nje."