Ubongo tunausifia mno, miguu ina akili zake

Kuku akishachinjwa anapiga mabawa, miguu inakwenda kama anakimbia, wote tumeshaona na wengi tulicheka tu tukaendelea na mambo yetu. Ila hebu angalia vizuri, ile sio kutapatapa ovyo tu, mabawa yanapanda yanashuka kwa mpigo kabisa, sasa kichwa hakipo nani anapiga hiyo ngoma?

Jibu lipo kwenye uti wa mgongo, yaani ile kamba ya neva inayopita ndani ya mifupa ya mgongo. Mwaka 1911 mwanasayansi wa Scotland, Thomas Graham Brown, alimkata paka uti wa mgongo, akakata na neva zinazoleta hisia kutoka miguuni (kazi ya kikatili ukiniuliza mimi), na bado misuli ya kukunja mguu na ya kunyoosha iliendelea kupokezana. Wazo lake lilikuwa rahisi tu, kuna makundi mawili ya seli za neva na kila moja linalizima mwenzake, hili likiwaka lile linanyamaza, likianza kuchoka lile lingine linapata upenyo linawaka, na mchezo unarudi pale pale, hatua baada ya hatua bila mtu kuhesabu. Samaki lamprei ndo kabisa, uti wake ukitolewa mwilini ukawekwa kwenye chombo na kuongezewa kemikali ya kuuchangamsha, unatoa mpigo ule ule wa kuogelea.

Sasa ubongo unafanya nini? Unasema twende, na kwa nguvu kiasi gani. Mwaka 1966 watafiti wa Moscow walimweka paka kwenye mkanda unaotembea wakampa umeme kidogo kwenye ubongo wa kati, akatembea, wakaongeza akaenda mbio ndogo, wakaongeza tena akatimka. Na mpigo wa umeme wenyewe haukufanana na mpigo wa hatua!

Ndo maana huwa nakereka mtu akisema mawimbi ya ubongo, ile midundo ya umeme wa seli zake, ndo yanaendesha mwendo. Mawimbi yapi? Panya akikimbia hipokampasi yake (sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu) inatoa mawimbi yanayoitwa theta, safi kabisa, lakini ukiyazima anatembea tu. Na mawimbi ya beta, yale ya mara 13 hadi 30 kwa sekunde, yenyewe yanapungua mtu anapotaka kusogea, na kwa wagonjwa wa Parkinson (ugonjwa wa kutetemeka na mwili kukakamaa) yanazidi kule ndani ya ubongo, wakimeza dawa yao ya levodopa yanashuka na ule ukakamavu wa mwili unapungua. Mimi naona hayo ni breki zaidi kuliko injini.

Sisemi ubongo hauna kazi, paka wa Brown hakuweza kuamua aende wapi wala kujizuia asianguke. Lakini mtu akiumia uti, saketi, yaani mitandao ya neva, za chini ya jeraha mara nyingi bado zipo hai, zimekosa tu wa kuziamsha, na mwaka 2018 watafiti wa Uswisi waliweka elektrodi (vipande vya kupitishia umeme) pale chini, watu waliokuwa wamepooza miaka wakapiga hatua.