Kifeni cha Madabodi Hakitufai Visiwani

Vijana wakinitaka ushauri wa kuunga kompyuta, wengi huja na majina ya prosesa na kadi za grafiki. Mimi huwaomba kwanza picha ya madabodi, yaani ile bodi kuu inayounganisha vipande vyote vya kompyuta. Tunaikuza, tunaangalia upande wa chini kulia, jirani na pale inapochomekwa kadi ya grafiki: pana bati la alumini la kupozea peke yake, au pana kifeni ndani yake? Kikiwapo kifeni, nawaambia watafute nyengine. Wapo wanaoniona nina ukaidi wa kizee. Sawa. Lakini mashine hizi zitatumika Unguja na Pemba, na aliyekiunda kifeni kile hakuifikiria hewa ya Unguja na Pemba hata kidogo.

Kazi yake ni kupoza chipseti, ile chipu inayobeba shughuli za USB, diski za SATA na mara nyingi hata waya wa mtandao. Kompyuta kuukuu za ofisini, zile tunazozinunua Mlandege na Darajani, kwa kawaida hazina kitu hicho, ndiyo maana watu wengi hawajapata kukisikia. Kinawakuta wanaounga mashine za nguvu: wahariri wa video za harusi, watengenezaji wa muziki, vijana wa gemu.

Tabu yenyewe si ngeni. Nvidia ilipotoa chipseti ya nForce4 mwaka 2004, watengenezaji wengi wa madabodi waliibandika feni ya sentimita nne inayokwenda mbio, na haukupita muda watu wakaanza kulalamikia kelele na feni zinazokwama. Asus wakaja na A8N-SLI Premium, wakaiondoa feni, wakaweka bomba la shaba la kuhamisha joto. Vifeni vikapungua kwa miaka, tukajua tumepumzika. Julai 2019 AMD, watengenezaji wa prosesa, wakatoa chipseti ya X570 pamoja na PCIe 4.0, njia ya kasi ya kupitisha data kwenye kadi ya grafiki na diski. Chipu hiyo ilikula takribani wati 11, karibu mara mbili ya ile iliyoitangulia, na karibu kila madabodi ya X570 ikatoka kiwandani na kifeni chake.

Nasema karibu kila, kwa sababu Gigabyte walikuwa na X570 Aorus Xtreme isiyo na kifeni tangu mwaka huo huo, bati zito tu. Ilipofika 2021 zikaingia sokoni madabodi za X570S: chipu ni ile ile, kifeni hakipo. Kwangu mimi hapo mjadala umekwisha. Chipu ikiweza kupoa kwa alumini ya kutosha, basi kifeni kiliwekwa kwa kuwa alumini nyingi inagharimu na nafasi chini ya kadi ya grafiki ni finyu. Uamuzi wa bei ule. Na bei hiyo mnunuzi anakuja kuilipa baadaye, kwa kelele kwanza, kisha kwa fundi.

Kuhusu kelele, hesabu yake haina huruma. Feni mbili za umbo moja zikizunguka kwa mwendo mmoja, ile yenye kipenyo mara tatu hupitisha hewa mara 27. Kwa hiyo feni ya milimita 40 ikitaka kufanya lolote la maana lazima iende kwa fujo, mizunguko 5,000 au 6,000 kwa dakika. Mwendo ukizidishwa mara mbili, kelele hupanda kwa takribani desibeli 15. Mapanga saba kwa mizunguko 6,000 yanatoa sauti ya hezi 700, na juu yake zinafuatana sauti nyengine, 1,400, 2,100 na kuendelea, mpaka zinaingia pale sikio la binadamu linaposikia kwa ukali zaidi. Feni kubwa inavuma, na mtu hulala chini ya pangaboi usiku kucha bila kulalamika. Kifeni kinapiga mluzi.

Kuna studio ndogo Mwembetanga, chumba kimoja tu, wanarekodi kaswida na nyimbo za harusi. Hurekodi baada ya Isha, bodaboda zikishapungua barabarani. Maikrofoni ikiwashwa kiyoyozi huzimwa, kwa sababu kinasikika. Kiyoyozi kikizimwa, watu wamejaa na mlango umefungwa, chumba kinapanda joto. Chumba kikipanda joto, kifeni cha madabodi kinaamka. Nilikuwapo usiku mmoja, msomaji yuko katikati ya ubeti na sauti imemkubali hasa, mtengenezaji akanyanyua mkono.

"Maalim, samahani, turudie."

Maalim akarudia, na kifeni nacho kikarudia. Walichofanya mwisho ni kuitoa kompyuta chumbani, kuiweka ukumbini na kupitisha nyaya chini ya mlango, na ndivyo wanavyofanya kazi mpaka leo. Mashine ya mamilioni imewekwa nje kama viatu.

Watetezi wa vifeni wana hoja moja nzuri, na lazima nijibu. Wanasema madabodi za siku hizi zina akili: kifeni hakizunguki mpaka chipu ifike joto fulani, kwa hiyo muda mwingi kimelala. Kweli, katika chumba cha nyuzi 20. Bati wala feni haviwezi kuishusha chipu ikawa baridi kuliko chumba kilichomo. Vinachofanya ni kuizuia isipande juu ya joto la chumba kupita kiasi. Chumba kikiwa na nyuzi 31, kama vilivyo vyumba vyetu vingi wakati wa kaskazi, zile nyuzi 11 za ziada zinapanda moja kwa moja kwenye chipu bila punguzo. Kifeni kilichopangiwa kulala kule kilikobuniwa, kwetu kinashinda kazini kutwa. Na umri wa feni huhesabiwa kwa saa za kuzunguka.

Tena kinazunguka pabaya. Kimekaa chini ya kadi ya grafiki, hewa kinayoivuta imeshapashwa moto. Katika vifeni vya bei rahisi ndani hamna beringi ya gololi, ni bushi tu yenye tone la mafuta, na joto linayakausha mafuta hayo. Kisha ije chumvi ya bahari. Masika unyevu wa hewa hupita asilimia 80, na vumbi letu halikai kavu likasubiri kupulizwa. Nimekifungua kimoja kilichotoka katika duka la kuchapisha karatasi Kiponda. Kila panga lilikuwa na utando wa kijivu ulioshikana, hautoki kwa brashi, nikawa naukwangua kwa ukucha. Mapanga mawili yalikuwa na utando mzito kuliko mengine, kwa hiyo feni imepoteza mizani, inatikisika ikizunguka, na mtikisiko unaila bushi upande mmoja. Ukikishika kwa vidole viwili kinacheza. Pini za plagi zimeanza kutu ya kijani. Madabodi yenyewe bado nzima kabisa.

Dawa ya mafundi wetu ni mafuta ya cherehani. Kibandiko kinabanduliwa, tone moja, kibandiko kinarudishwa, kifeni kinanyamaza. Sikatai, ni maarifa, ila bushi iliyokwisha kulika hairudi, na mluzi utausikia tena. (Wanaotia mafuta ya nazi naomba waache. Yanaganda na vumbi, na harufu yake utaipata ukifungua kasha.)

Ila kelele angalau inakupa habari. Mimi naogopa zaidi siku kinapokwama kabisa. Feni ya prosesa ikisimama, kompyuta nyingi hutoa onyo au huzima zenyewe. Kifeni cha chipseti kikisimama, madabodi nyingi hazisemi neno. Waya wake wa tatu unapeleka taarifa ya mwendo, lakini onyo lenyewe kwenye BIOS, yaani mipangilio ya madabodi yenyewe, mara nyingi halikuwashwa. Chipu inachemka, na dalili zinatokea kwengine kabisa. Flashi inajitoa. Diski ya nje inapotea katikati ya kunakili. Mtandao unakatika, unarudi. Mwenye mashine anaipeleka kwa fundi, anaambiwa virusi. Windows inapigwa upya, analipa. Tatizo linarudi, anaambiwa diski imekufa. Ananunua diski, analipa tena. Dada mmoja wa Chake Chake anayehariri video za harusi alibadilisha diski, nyaya na UPS (lile boksi la betri la kushika umeme ukikatika), na katika muda wote huo hapakuwa na mtu aliyefungua ubavu wa kasha akatazama kama kila kinachotakiwa kuzunguka kinazunguka. Harusi za watu zilichelewa, naye ndiye aliyekuwa akipigiwa simu na mama wa bibi harusi.

Na ukishakijua kibovu, kipuri chake ukipate wapi? Feni ya milimita 120 haina shida, maduka yanazo. Kifeni cha chipseti kina nafasi zake za skrubu, plagi yake, na umbo lililokatwa kufuata bati lake. Wa Wete atakitafuta Chake, atakitafuta Unguja, ataagiza Dar es Salaam, na huko ataambiwa kiagizwe China. Kitu chepesi kuliko betri ya rimoti kinailaza mashine nzima.

Kwa anayenunua sasa, njia ipo na wala si ya gharama. Chipseti ya B550, iliyotoka 2020, haihitaji kifeni, na kadi ya grafiki na SSD ya kwanza (diski ya kisasa isiyozunguka) bado zinapata PCIe 4.0 kwa sababu zinaichukua kwenye prosesa yenyewe. Nani kati yetu anahitaji zaidi ya hapo? Wachache sana. X670 ya 2022 nayo kwa kawaida inapozwa kwa bati tupu.

Aliyekwisha kuwa nacho asiitupe madabodi yake. Aingie BIOS, awashe onyo la kifeni hicho, na aangalie kama kinaruhusiwa kuzunguka taratibu zaidi. Kisha afunge feni kubwa ya milimita 120 chini au ubavuni mwa kasha, ielekee kwenye lile bati, izunguke mizunguko 700 au 800 tu kwa dakika. Hewa hiyo nyingi, ya polepole, isiyo na kelele, inafanya kazi kubwa kuliko mluzi wote ule, na kifeni kikifa siku moja chipu haitaachwa peke yake. Kasha lisikae sakafuni wala kando ya dirisha linaloingiza upepo wa pwani. Brashi ipitishwe mara kwa mara kabla utando haujashika, si baada.

Sasa vifeni vimepata mlango mwengine. SSD za PCIe 5.0 zilipoanza kuuzwa 2023, baadhi zilikuja na vifeni vidogo kuliko hivi ninavyovisema, vimepachikwa juu ya bati lenye upana wa vidole viwili. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, wa gemu, alinifuata barazani na simu mkononi.

"Ami, itazame hii, inasoma gigabaiti 10 kwa sekunde!"

Nilimwambia gemu lake litafunguka karibu sawa na kwa SSD ya PCIe 4.0 yenye bati tupu, na ile tafauti ya bei anunulie UPS, maana hana. Alinung'unika, akanunua yenye bati tupu. UPS bado.