Mlonge na figo za mchimbaji wa dhahabu

Kwenye mialo ya wachimbaji wadogo mkoani Geita, mchanga uliosagwa kwenye karasha huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki iruke na dhahabu ibaki. Anayechoma huvuta mvuke huo, nao ukishaingia katika damu, sehemu kubwa ya zebaki hukusanyika kwenye figo. Basi mtu akisikia kwamba mlonge, manjano au kitunguu saumu hukinga figo dhidi ya metali nzito, ana haki ya kutaka kujua zaidi.

Wanaoitetea mimea hii hawabahatishi. Zebaki na kadimiamu, ambayo nayo ni metali nzito, hunasa kwenye salfa iliyomo katika protini za seli na kumaliza glutathioni, ambayo ni akiba ya mwili ya kujikinga. Kitunguu saumu kina viambata vya salfa, na mlonge una kwesetini, kiambata cha mimea kinachopunguza uharibifu huo. Mara nyingi panya wa maabara waliopewa viini vya mimea pamoja na metali wameonekana kuwa na kreatinini (taka ya damu inayopanda figo zikiumia) ya chini kuliko waliopewa metali peke yake.

Lakini panya hao kwa kawaida huanza kupewa kinga kabla ya sumu au siku ileile, ilhali mchimbaji huanza kunywa mlonge akiwa amekwisha kuvuta zebaki kwa miaka. Isitoshe, kutuliza madhara si kuitoa metali yenyewe: kadimiamu hukaa ndani ya figo zaidi ya miaka 10. Huko Zamfara, Nigeria, ambako mwaka 2010 metali ya risasi iliyotoka kwenye mawe ya dhahabu iliua watoto zaidi ya 400, waliookolewa walipewa dawa zinazoishika risasi na kuitoa kwa mkojo, na udongo wa nyumba zao ukaondolewa. Tena si kila mmea ni rafiki wa figo. Ubelgiji, miaka ya 1990, vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa aristolokia viliharibu figo za wanawake wapatao 100.

Kinachonitia hofu zaidi ni kijana anayekunywa unga wa mlonge kila asubuhi, kisha jioni akachomea donge lake jikoni, watoto wakiwa karibu, kwa kuamini kwamba amejikinga. Ningependa mlonge ujaribiwe kwa wachimbaji wenyewe, zebaki na protini zikipimwa kwenye mkojo wao, lakini kila mmoja wao, apewe mlonge au asipewe, kwanza apatiwe chungu kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke.