Yule mama wa Berlin angekaa wapi Kisumu?

Leo mvua imenyesha Berlin, nikaingia Neue Wache, jumba la ukumbusho wa waliouawa na vita na udhalimu, pale barabara ya Unter den Linden, kumtazama tena yule mama. Ni sanamu ya Käthe Kollwitz: mama amemkumbatia mwanawe aliyekufa, kijana amejikunja katikati ya magoti yake. Dari lina tundu juu yake, kwa hiyo mvua inamnyeshea yeye. Hakuna kiingilio, watu wanaingia na kunyamaza. Kollwitz alijua alichokichonga. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji mwaka 1914, na mwaka 1924 akachora bango la kupinga vita linalojulikana hadi leo.

Najua mtasema, "Huyu amefika Ulaya, sasa anatufundisha kulia." Simfundishi mtu. Mjaluo gani wa kufundishwa kulia? Tunakesha, tunafanya tero buru, ile desturi ya kukifukuza kifo, na mwili usipopatikana tunazika tunda la yago mahali pake. Hapo hakuna Mjerumani wa kutushinda.

Kinachonichoma ni kwamba kilio chetu kinaishia bomani. Waliopigwa risasi siku Mzee Kenyatta alipokuja Kisumu kufungua Hospitali ya Russia, tarehe 25 Oktoba 1969, mimi nilisimuliwa jikoni, kwa sauti ya chini. Chaguzi za 2007 na 2017, maandamano ya 2024, risasi tena, mnajua wenyewe. Na sasa kuna vijana wa Kenya waliokwenda Urusi kutafuta kazi wakajikuta wanapigana Ukraine. Vita si yao, mama zao wanangoja simu, nasi tunawazungumzia siku mbili tu, kisha basi.

Nikisema tuwawekee sanamu Kisumu, naambiwa, "Kwanza maji na barabara, sanamu baadaye." Nimesikia. Lakini mafundi tunao! Wachongaji wa Tabaka wanalijua jiwe la Kisii kama kiganja cha mkono, na ninajivunia kila nikiona kazi yao. Huku Berlin nakuta sanamu zao za viboko na bakuli zao zikiuzwa kwa bei ambayo mchongaji mwenyewe hajawahi kuiona. Anayeweza kumlainisha kiboko hivyo anaweza kumchonga mama wa Nyalenda, mtaa wetu wa Kisumu, anayemlilia mwanawe. Nani amewahi kumlipa amchonge huyo?

Wala sisemi Wajerumani ni malaika. Sanamu hii ilipowekwa mwaka 1993 waligombana vikali, wengine wakisema inawachanganya waliouawa na wauaji wao. Ni haki yao kugombana. Nataka nasi tugombane hivyo, hadharani, pale Oginga Odinga Street, jiwe likiwa limeshasimama.