Chuma Changu Kina Wageni Kunishinda

Leo hata kufuli sijafungua, jamaa kasimama mlangoni na sumaku. Sumaku ya spika, ile ya duara, kaifunga kwa kamba ya kiatu. Salamu hana. "Ndiyo hapa kwenye kile kitu?" Nikamjibu kwa heshima zote za fundi mwenye miaka kumi na tisa kwenye mashine ya kuchomelea: "Ndugu yangu, hapa ni kwenye magrili." Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyepotea njia.

Umeme wiki hii unakuja kama mgeni wa posa: unapiga hodi, unasalimia, unaondoka na ahadi. Nondo mnajua bei yake. Bodaboda wa asubuhi kaniongezea mia tano eti nimepanda na begi. Yote hayo nimeyazoea. Ila sumaku, saa kumi na mbili na nusu alfajiri, tumbo halina hata chai? Hapana.

Aliyeanzisha haya ni kidole gumba changu cha mguu. Banda ninalopanga hapa Tabora, upande wa stesheni, lina sakafu ya zamani iliyopasukapasuka, na katikati palikuwa na kitu kinachungulia kama jiwe. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa anawekea ndoo. Mimi kwa miaka mitatu nimekuwa nikijikwaa hapo. Mwezi uliopita nikajikwaa nimebeba geti la watu, nikatamka maneno ambayo baba wa watoto wanne hatakiwi kuyajua, nikachukua mtalimbo.

Halikuwa jiwe. Kilikuwa chuma, pande la mraba, kila upande urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, unene wa kiganja. Katikati kina matundu: ya duara, ya mraba, moja la mstatili, moja la pembe sita. Pembeni mwote kimechongwa mifuo, mingine ya nusu duara, mikubwa kwa midogo, mingine kama V. Kwenye kona moja pana shimo la bakuli, laini kama limelambwa. Nikakisugua kwa dizeli na brashi ya waya. Zikatokea herufi za kuvimba, zote zimeliwa na kutu isipokuwa T. Chini yake tarakimu: 1.2.14.

Nilianza kisomi. Nikakigonga kwa nyundo, kikajibu "duk", kama umegonga gunia la mahindi. Chuma cha pua kingelia kama kengele. Nikakigusisha grenda, zikatoka cheche fupi, nyekundu, za kivivu, zikafa kabla ya kufika chini, wakati nondo ingezirusha nyeupe mpaka kwa muuza vitumbua. Basi ni chuma cha kusubu, kile sisi mafundi tunakiita kasti: kimeyeyushwa, kikamiminwa kwenye kalibu, kaboni imejaa, kigumu kweli lakini kikianguka vibaya kinavunjika kama kigae. Kwa hiyo asili yake niliipata. Kazi yake ndiyo sikuijua, na kosa langu la maisha ni kulisema hilo kwenye kijiwe cha kahawa.

Muuza vitumbua akasema ni karai la vitumbua la Wazungu. Dereva wa bajaji akasema ni kifaa cha garimoshi, maana kwake yeye kila kisichoingia kwenye bajaji ni cha garimoshi. Hao hawana madhara.

Mwenye madhara ni mwalimu mstaafu wa historia. Alivaa miwani, akapitisha kidole kwenye tarakimu kama anasahihisha daftari. "Tarehe moja, mwezi wa pili, mwaka 1914. Siku reli ya Mjerumani ilipofika Kigoma. Hapa kwetu ilishafika 1912." Akahamia kwenye T. "Na mwaka 1916, vita vya kwanza vya dunia, Mwingereza kamzibia bahari, hela haziji, Mjerumani alizipiga hapahapa Tabora, kwenye karakana ya reli. Heller za shaba, yaani vijisenti vyake, na sarafu ya dhahabu ya rupia 15. Dhahabu ya mgodi wa Sekenke! Upande mmoja tembo, upande wa pili tai, na alama yake ni herufi T."

Kijiwe kizima kikageuka kutazama matundu ya chuma changu. Mtu akatoa sarafu ya mia mbili, akaijaribu kwenye tundu la duara. Ikapita. Nikauliza kwa adabu, mwalimu, 1914 na 1916 mbona haviendani? "Maandalizi," akasema, akaomba kahawa nyingine.

Siku ya pili wakaja watatu. Mbele Mtaalamu, kavaa koti jua likiwaka hivyo, nyuma msaidizi mwenye begi, na nyuma yake msaidizi asiye na kitu, kazi yake kutikisa kichwa. Mtaalamu hakukigusa chuma. Alikizunguka mara tatu, akavuta pumzi, akasema, "Ipo hai." Akaagiza kitambaa cheupe, mchele nusu kilo, na mtu yeyote asikanyage na viatu. Mnaijua hadithi: mali aliyoifukia Mjerumani, ikiwa ya kweli, inavuta mchele. Mchele ulitoka kwangu. Yaani ulitoka kwa mke wangu, ambaye hadi leo anaudai kwa jina lake kamili: mchele wa Ijumaa.

Akaumwaga kuzunguka chuma, taratibu, kama anayenyunyizia bustani. Tukachuchumaa. Nataka mnipate vizuri: mimi, mtu mzima, peku, nimechuchumaa kwenye banda ninalolipia kodi, nikiukodolea macho mchele ambao haujapikwa. Dakika ishirini. Akaja mteja, yule mwenye geti. "Fundi, geti langu..." Mtaalamu akamnyamazisha kwa kidole: "Shhh! Viatu." Nikajua sasa nitatukanwa mimi na ukoo wangu. Mteja akavua viatu! Akachuchumaa kando yangu, akaninong'oneza, "Inavuta?"

Ndipo punje ikasogea. Wallahi ikasogea. Yule msaidizi asiye na kitu akapiga yowe, Mtaalamu akanyanyua mikono, "Imepokea!" Nikainama mpaka pua ikagusa kitambaa. Chini ya punje palikuwa na sisimizi. Mmoja, mdogo, kabeba mzigo wake, anaelekea nyumbani kwake kwenye ufa wa sakafu, hana habari na Mjerumani.

Nikasema, "Mtaalamu, ni sisimizi." Akasema, "Ametumwa."

Kabla sijajibu, kuku wa muuza vitumbua akaingia na kuanza kuvuta mchele kwa kasi ambayo hakuna rupia ingeifikia. Kuku mweusi. Mtaalamu alipomwona macho yakang'aa: kumbe ili mali ifunguke inahitajika kafara ya kuku mweusi, na laki moja na nusu ya uvumba. Mwenye kuku akatokea na upawa wa mafuta ya moto mkononi. Wataalamu waliondoka bila begi. Ndani yake mlikuwa na gazeti na kandambili.

Nikamwita muuza chuma chakavu, nimalizane na hiki kitu. Kwenye mizani yake kikasoma kilo 82 na nusu. Mia nane kwa kilo, elfu sitini na sita. Mkono nimeshaunyoosha, babu mmoja mwenye fimbo, aliyestaafu kwenye karakana ya reli upande wa wahunzi, akawa anapita.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Sweji hii umeitoa wapi?"

Hivyohivyo, kama anayemtaja binamu yake. Kumbe sweji ni pande la wahunzi la kufinyangia chuma cha moto. Nikamwambia habari ya 1914 na tembo. Akacheka mpaka akakaa chini. "Hiyo si tarehe, ni uzito. Mwingereza vyuma vya wahunzi aliviandika hivyo. Moja ni handredweti, ratili 112. Mbili ni robo zake, kila robo ratili 28. Kumi na nne ni ratili za juu. Jumlisha." Nikajumlisha kwa mkaa ukutani: 182. Tukageuza kuwa kilo: 82 na nusu. Aliyeshtuka kuliko wote ni muuza chakavu, kwa kugundua kwamba siku hiyo mizani yake ilikuwa inasema kweli.

Akaniagiza niwashe mkaa. Tukatia kipande cha bati nene mpaka kikawa chekundu kama jua la jioni, akakishika kwa koleo, akakilaza juu ya lile shimo la bakuli. Mkono ule, unaotetemeka akishika kikombe, haukutetemeka hata kidogo. Tak, tak, tak, akizungusha kidogo kila pigo, na bati likazama likawa upawa. Kisha nondo kwenye mfuo wa V, ikatoka na pembe. Matundu ni ya kunyooshea, kutobolea, kukunjia. T? "Jina la kiwanda lililoliwa na kutu, mjukuu wangu. T ni T."

Mnadhani yameisha? Mwalimu anasema uzito unaweza ukawa tarehe pia. Mwenye banda, ambaye bati linavuja tangu masika ya mwaka juzi na simu hapokei, kaja mwenyewe kwa miguu kunieleza kwamba kilichotoka ardhini ni cha mwenye ardhi, na kodi inapanda. Akina mama wa mtaa mzima wameagiza upawa, wa kukopa. Geti la mteja bado, maana kila akija anavua viatu kwanza.

Nami siku hizi nalala bandani, nalinda kasti, hasara juu ya hasara. Na msimu wenyewe huu. Tabora hii kila bati lina mwembe juu yake. Embe likidondoka usiku, ba! naruka na mtalimbo nikidhani ni wachimbaji. Jana nimeruka mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili sikuruka, na hiyo ndiyo waliyokuja kweli, wakachukua mkaa, wakachukua na embe zangu tano za dodo nilizoziweka ziive, chuma wakakiacha. Sasa embe wanazipeleka wapi, mji wote umejaa embe?