Programu ya Hesabu Inamhitaji Mwalimu Mwenye Nafasi

Programu mpya ya hesabu ikiletwa shuleni, mazungumzo huanza na vifaa: vishikwambi vingapi, intaneti ya nani, funguo za chumba cha kompyuta zikae wapi. Mwalimu hukumbukwa mwishoni, anapewa semina ya siku moja na cheti. Mimi nafundisha Hisabati na programu hizi nazipenda, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Tunanunua chombo kizuri, kisha kila kinachohitajika ili kifanye kazi tunamtwika mwalimu peke yake.

Uhitaji upo, hakuna wa kubisha. Katika mtihani wa kidato cha nne wa 2023 hapa Tanzania, waliofaulu Hisabati walikuwa takriban robo tu ya watahiniwa. Wengi wa waliobaki hawakuanza kukwama sekondari. Waliachwa nyuma darasa la tatu au la nne, kwenye kutoa na kugawanya, darasa likaendelea bila wao. Mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake hawezi kurudi nyuma kwa ajili ya 15 huku muhtasari wa somo ukimsukuma. Programu ya mazoezi inaweza: kila mtoto anaanzia alipoishia, anajua papo hapo kama amekosa, na hakuna wa kumcheka.

Lakini tazama inavyokuwa kwenye kioo cha kishikwambi. Swali ni 52 toa 27. Mtoto anajibu 35. Programu inaonyesha alama nyekundu, inampa mfano, inamletea swali jingine: 81 toa 46. Anajibu 45. Anaendelea hivyo hivyo maswali kumi, yote amekosa, na ripoti ya mwalimu inaandika sifuri kwenye kutoa. Ukiyatazama majibu yenyewe, utaona mtoto huyu habahatishi hata kidogo. Katika kila safu anatoa namba ndogo kwenye kubwa, iwe juu au chini. Kutoa anakujua. Asichokielewa ni kwamba 52 ni makumi matano na mamoja mawili, na kwamba kumi moja linaweza kufunguliwa likaungana na yale mamoja. Mwalimu akikaa naye dakika chache na vijiti vilivyofungwa kumi kumi, wakafungua fungu moja pamoja, mtoto anaona. Zipo programu zinazolitambua kosa la aina hii, na zipo zinazohesabu vema na kosa tu. Vyovyote iwavyo, lazima awepo mtu wa kukaa na yule mtoto.

Mchumi Leigh Linden alipima programu ya hesabu kwa kompyuta katika shule za Gujarat, India. Pale ilipochukua muda wa kufundishwa na mwalimu, wanafunzi walijifunza kidogo kuliko wenzao wasioitumia. Pale ilipowekwa nje ya saa za masomo, kama nyongeza juu ya kazi ya mwalimu, walipanda, hasa waliokuwa dhaifu. Programu ilikuwa ile ile.

Hapa kwetu tunao mfano wa Tanga. Shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vya kujifunzia kwa Kiswahili kwa watoto wasiosoma shule katika vijiji karibu 170, na mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School zikagawana ushindi. Baada ya miezi 15 watoto walikuwa wamepiga hatua katika kusoma na kuhesabu, nami nalifurahia hilo kwa moyo wote. Ila hata jaribio hilo, lililobuniwa mahsusi kwa watoto wasio na mwalimu, lilihitaji umeme wa jua vijijini na akina mama wa kusimamia uchajishaji. Kazi ile ilipangiwa watu. Shuleni kazi hiyo hiyo anaachiwa mwalimu wa Hisabati, katikati ya zamu na kusahihisha madaftari.

Kwa hiyo nikisema mwalimu asaidiwe, kwanza nasema ratiba. Kama programu inataka vipindi viwili kwa wiki, vionekane kwenye ratiba ya shule, na mwalimu apunguziwe kitu kingine. Kipindi cha kusoma ripoti na kuketi na watoto watano waliokwama nacho ni kipindi cha kufundisha. Pili, bando. Walimu wengi walipewa vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, jambo jema, lakini mwalimu anayenunua bando kwa mshahara wake anaichangia shule bila kuulizwa. Zipo programu kama Kolibri zinazofanya kazi bila intaneti, maudhui yakiwa kwenye kompyuta moja ya shule, na mwalimu akaona maendeleo ya kila mwanafunzi. Tuanzie huko.

Tena tunayo MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako walimu wa shule wanakutana kujadili ufundishaji wao. Ripoti za programu ziletwe pale. Mwalimu wa darasa la tano aweke mezani majibu ya watoto wake ya sehemu, wenzake waone kwamba nusu jumlisha theluthi wameandika mbili ya tano, kwa sababu wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili, kisha waamue pamoja wiki ijayo wafundishe nini. Mazungumzo ya nusu saa ya namna hiyo nayathamini kuliko semina nzima ya kubofya vitufe.

La mwisho ndilo linalonitia hofu zaidi. Programu hizi huhesabu kila kitu: dakika, maswali, asilimia. Siku takwimu hizo zitakapoanza kutumika kumpanga mwalimu kwenye orodha ya wazembe, atafanya ambalo mtu yeyote angefanya: atawakalisha wanafunzi hodari kwenye vishikwambi ili namba zipande, na yule wa 52 toa 27 atabaki nje. Naomba waratibu elimu kata na wathibiti ubora wakifika shuleni wasianze na dakika. Wamuulize mwalimu ni watoto gani wamekwama mwezi huu, amegundua nini kwao, na anahitaji nini ili apate muda wa kukaa nao.